Jina la Nyama Hulindwa Barabarani



Katika mazungumzo yetu ya leo tunaitazama nyama ya kondoo, na hasa jina la mahali alikolishwa kondoo huyo.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfugaji wa Bwizibwera, wilayani Mbarara, ana haki ya kuutilia shaka usemi huo. Kondoo wake aliyenenepa kwa majani ya Kashari hupakiwa lori moja na kondoo waliotoka kusikojulikana, na wafikapo buchani wote ni nyama tu. Bei huwa moja, na jasho la mfugaji halina jina.

Zipo nchi zilizolikataa jambo hilo. Tangu mwaka 2003, jina la kondoo wa Wales, nchini Uingereza, linalindwa kisheria. Halitumiki ila kwa mnyama aliyezaliwa na kulelewa Wales, akachinjwa katika machinjio yaliyoidhinishwa. Uganda nayo ilitunga sheria yake ya kulinda majina ya namna hii mwaka 2013. Mlango, basi, uko wazi.

Hata hivyo, mfugaji haingii mlango huo kwa pupa, na hoja zake ni nzito. Gharama za ukaguzi zitatoka mfukoni mwa nani? Mwenye kondoo watano atasikilizwa sawa na mwenye mia tano? Faida itafika zizini, au itaishia kwa mchuuzi? Wala hahitaji kwenda ng'ambo kumtafuta mnunuzi. Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wamo wakimbizi wa Kisomali, watu waijuao na kuithamini nyama ya kondoo.

Lakini swali kuu ni hili: nani atalilinda jina lenyewe? Hapo ndipo jambo hili linapowagusa ninyi, ndugu askari. Jina la mahali husimama juu ya kibali cha daktari wa mifugo, kinachoeleza mnyama katoka wapi na anakwenda wapi. Kibali hicho hukaguliwa kizuizini, mchana na usiku. Mwanzoni mwa mwaka 2024, karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ilifunga masoko ya mifugo katika wilaya nyingi za nchi yetu. Lori moja lipitalo bila kibali, kwa sababu ya noti iliyokunjwa kiganjani, laweza kuingiza maradhi katika mazizi ya tarafa nzima, na kulifanya jina jema kuwa uongo.

Wengi wenu mmezaliwa katika nyumba za wafugaji. Mnajua kondoo mmoja aweza kuwa karo ya mtoto. Kwa hiyo hapana budi wafugaji waungane katika ushirika ili gharama zigawanywe, Serikali iwapunguzie mzigo wa ukaguzi, na askari aliye kizuizini akisome kibali mpaka mstari wa mwisho. Pasipo hilo la tatu, hayo mawili ya kwanza ni kazi bure.