USALAMA WA WASAFIRISHAJI WA MIFUGO NA NYAMA HALALI NI WAJIBU WA KAMATI

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nangwa, Wilaya ya Hanang



Nangwa iko chini ya Mlima Hanang, katika nchi ya wafugaji. Wabarbaig na Wairaqw wamefuga hapa tangu enzi za mababu, na ng'ombe aliyekulia katika malisho haya huweza kuliwa mbali sana, Arusha au hata Dar es Salaam. Baina ya zizi na sahani ya mlaji yupo mtu asiyetajwa katika hesabu za chama: kijana anayempandisha ng'ombe kwenye lori, utingo anayekesha juu ya mzigo, na mpagazi anayebeba paja la nyama begani kutoka machinjioni.

Mlaji Mwislamu hutaka nyama iliyo halali. Masharti yake yanajulikana: mnyama awe hai anapochinjwa, kisu kiwe kikali, na jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Mnyama asiteswe. Nyama yake isichanganywe na kibudu wala nguruwe, na gari lililobeba najisi lioshwe kabla ya kupakiwa. Kwa hiyo ng'ombe aliyekanyagwa na wenzake akafia njiani si halali tena, na hasara humrudia mfugaji.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Lori lililojazwa kupita kiasi humuua ng'ombe, na ndilo hilo humvunja utingo mguu. Sakafu yenye utelezi humwangusha mnyama na mwanadamu pia. Dereva asiyelala huwapeleka wote korongoni. Masharti yanayoihifadhi nyama ndiyo yanayomhifadhi mfanyakazi; anayeyapuuza hupoteza vyote viwili.

Tena yapo maradhi. Kimeta na homa ya kutupa mimba hutoka kwa mnyama yakamwingia mtu anayeshika damu, ngozi au kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007 uliua watu zaidi ya 100 katika Tanzania. Kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa ni mojawapo ya njia kuu za kuambukizwa ugonjwa huo. Anayemchinja haraka mnyama mgonjwa ili asife na kuwa kibudu, hukwepa hasara moja na kuikaribisha nyingine iliyo kubwa zaidi.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi na kumpatia vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kumlipa aliyeumia au aliyeugua kwa sababu ya kazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka huohuo inamlinda mnyama safarini. Lakini kibarua ambaye jina lake halikuandikwa popote atathibitishaje kwamba aliumia akiwa kazini?

Nani basi awajibike? Mfano mzuri uko Moshi. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Chuo kikuu huwa na Baraza linalokisimamia, na Makamu Mkuu wa Chuo huongoza kazi za kila siku. Baraza halipiki chakula cha wanafunzi wala halipakui nyama jikoni. Hata hivyo, mpishi akiungua, au nyama ikiletwa katika gari chafu, swali hupanda hadi kwa wasimamizi: ni nani aliyeidhinisha mkataba, na mkataba huo ulidai nini? Mnunuzi anayedai nyama halali anaweza pia kudai gari safi na wapakizi wenye buti.

Kamati ya chama cha msingi haina tofauti. Haipakii ng'ombe, lakini ndiyo inayokubaliana na mwenye lori. Kwa hiyo kila kamati inashauriwa kutekeleza mambo manne:

1. Mkataba wa usafirishaji utaje idadi ya ng'ombe kwa kila lori, mapumziko ya dereva, maji ya mifugo, na marufuku ya mtu kupanda juu ya mzigo.

2. Pawepo mahali imara pa kupakilia, penye mteremko wa taratibu na kingo pande zote mbili.

3. Wapakizi wapewe glavu na buti za mpira, na mnyama mgonjwa asiguswe kabla ya kuonwa na daktari wa mifugo.

4. Katibu aandike daftarini jina la kila kibarua kabla lori halijaondoka, na kila ajali iandikwe siku hiyohiyo.

Jambo la nne halihitaji fedha. Kalamu na daftari vinatosha. Siku kijana wa Nangwa atakapoletwa nyumbani amevunjika, mstari mmoja katika daftari hilo utakuwa shahidi wa mama yake.