Nyumba ya Teremok: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Wanachama



Jioni hii twapenda kuwapa habari za nyumba moja ya mbao tuliyoizuru katika nchi ya Urusi, mahali paitwapo Flyonovo, karibu na Talashkino, mwendo wa kilomita 18 hivi toka mji wa Smolensk. Jina lake Teremok, ambalo watoto wa Kirusi hulijua tangu mapajani mwa mama zao: katika hadithi yao wanyama huhamia mmoja mmoja katika kijumba cha jina hilo, hata aje dubu akivunje.

Kuta zake ni magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, kama nyumba za wakulima wa huko. Lakini uso wa mbele! Mbao zimechongwa na kutiwa rangi. Hapa ndege wa moto, pale majoka na farasi, na jua, na maua yanayojiviringisha kuzunguka madirisha. Sisi tuliozoea milango ya Lamu na Unguja, ambayo mti wenyewe ndio pambo, tulisimama kitambo bila kusema neno, na baadhi yetu waliona rangi zimezidi. Walakini katika nchi ambayo ardhi huwa nyeupe kwa miezi mingi, rangi hizo zina kazi yake.

Nyumba hii ilijengwa mwaka 1901 na 1902 kwa michoro ya Sergei Malyutin, mchoraji yule anayesemekana kutia rangi mwanasesere wa kwanza wa Kirusi mwenye wenzake tumboni. Swali lililotugusa ni hili: ilijengwa kwa ajili ya nani? Si jumba la bwana mkubwa. Ilikuwa maktaba ya wanafunzi wa shule ya kilimo, watoto wa wakulima, ambao wazee wao walikuwa wamefungwa kwa mashamba ya mabwana hata mwaka 1861. Shule hiyo ilianzishwa na Bibi Maria Tenisheva, mwanamke mwenye cheo na mali, aliyemiliki Talashkino tangu mwaka 1893.

Sisi makarani tu wepesi kudhani kwamba aliyeshika kalamu amekwisha agana na patasi. Tena wazazi wetu wengine walitupeleka shule kusudi tusishike patasi, wala hatuwalaumu. Huko Flyonovo mtoto aliyekwenda kuchukua kitabu alipita chini ya kazi ya mikono ya watu wa nchi yake, imewekwa mahali pa heshima.

Bibi huyo alifungua pia karakana za useremala, za vyombo vya udongo na za tarizi, na wanawake wa vijijini walilipwa kwa kazi ya sindano. Balalaika za Talashkino, yaani mazeze yenye umbo la pembetatu, zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, zimepambwa na wachoraji maarufu, Vrubel akiwamo. Hapa tulibishana njiani. Mmoja wetu alisema kwamba fundi aliyekuwa akichonga dirisha la baba yake kwa fikira zake mwenyewe, sasa huchonga kwa kufuata karatasi ya mchoraji wa mjini, na jina linalobaki ni la mchoraji. Mwingine akajibu kwamba bila karatasi hiyo, na bila mshahara, patasi ingalipata kutu. Sisi wengine twaona wote wawili wana haki, ila wa kwanza zaidi.

Machafuko ya mwaka 1905 yalipotokea, karakana zilifungwa. Bibi akaenda Ufaransa kwa muda. Kisha, baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, akahama kabisa, akafia huko mwaka 1928. Misitu haikuhama. Karakana zilitegemea mfuko mmoja tu. Nyumba imebaki, nayo ni makumbusho ambamo kazi za mikono za Kirusi huonyeshwa.

Bwana Mwenyekiti, lile shauri la darasa la useremala kwa vijana wetu bado liko mezani, na barua ya kumwomba tajiri mmoja alipe gharama zote imekwisha andikwa. Twaomba isipelekwe kabla ya mkutano ujao. Mweka hazina na atuletee hesabu ya kila mwanachama akitoa shilingi yake kila mwezi, tuone darasa litaweza kukaa muda gani.