Daftari la Wanachama na Hasira ya Mpiga Kura: Mchujo wa Vyama katika Kaunti ya Machakos

Mada iliyowasilishwa kwenye warsha ya maafisa wa vyama wa ngazi ya wadi na watoaji wa elimu ya uraia, Machakos



Niliombwa nizungumze kuhusu mpiga kura, chama na matumaini ya uongozi mpya. Nitapita haraka kwenye yale mnayoyajua, nikae pale panapouma. Ninayoyasema ni maoni yangu kama mtu aliyefundisha maafisa wa vyama katika kaunti hii kwa miaka mingi. Si msimamo wa tume ya uchaguzi wala wa ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa, na nitakapogusa chama nilichokutana nacho kazini, sitakitaja jina.

Maelezo ya awali

Ibara ya 38 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugombea uongozi kupitia kwacho. Ibara ya 91 inakitaka chama kiwe na sura ya kitaifa, kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia na kifuate demokrasia ndani yake kwa chaguzi za mara kwa mara zilizo huru na za haki. Ibara ya 85 inamruhusu mgombea huru, mradi awe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Sheria ya Vyama vya Siasa ni ya 2011, ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. IEBC husimamia uchaguzi, Msajili husimamia vyama, na mizozo ya wanachama huenda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa baada ya mlalamishi kujaribu kwanza njia za ndani ya chama. Hayo yanatosha.

Machakos na vyama vyake

Husemwa huko Nairobi kwamba Ukambani hupiga kura kwa amri ya mtu mmoja. Historia ya hapa haisemi hivyo. Mwaka 1962 Paul Ngei wa Kangundo alipoona KANU haimpi nafasi, aliunda African People's Party, na sehemu kubwa ya Ukambani ikamfuata. Mwaka 1963 ulipokuwa haujaisha, chama kile kilikuwa kimerudi KANU na watu wake wote, na aliyeamua ni mwenye chama. Mwaka 1975, mahakama ilipokuwa imebatilisha ushindi wa Ngei, Katiba ya nchi ilibadilishwa ili Rais aweze kumsamehe mtu aliyepatikana na kosa la uchaguzi. Kisha ukaja mlolongo wa 1988, watu wakisimama nyuma ya picha ya mgombea, na mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu.

Katika enzi ya ugatuzi mambo yamekwenda vivyo hivyo. Alfred Mutua aliingia ugavana mwaka 2013 kwa tiketi ya Wiper. Alipokosana na wenye chama alianzisha Maendeleo Chap Chap mwaka 2016, na mwaka uliofuata akatetea kiti chake dhidi ya Wavinya Ndeti wa Wiper. Kesi yao ilipanda hadi Mahakama ya Juu na haikwisha hadi Desemba 2018. Mei 2022 Chap Chap ikahama muungano wa Azimio ikaenda muungano wa Kenya Kwanza, na wanachama wake wa Masinga na Yatta wakasikia habari hiyo redioni pamoja na majirani zao wasio wanachama. Mheshimiwa Wavinya mwenyewe, aliyegombea ugavana mwaka 2013 kwa Chama Cha Uzalendo, alishinda mwaka 2022 akiwa Wiper.

Mwaka huo huo wa 2022 wapiga kura wa kaunti hii walichagua gavana na seneta wa Wiper, lakini Machakos Mjini wakampa ubunge mgombea wa Chap Chap na Mwala wakampa wa UDA. Huo ni uchaguzi wa watu wanaopima mtu kwa mtu. Wakiona wote hawafai, hukaa nyumbani. Kwenye uchaguzi mdogo wa useneta wa Machi 2021 Agnes Kavindu alishinda kwa zaidi ya kura 104,000, akimwacha mbali sana mpinzani wake wa karibu, katika kaunti iliyokuwa na wapiga kura zaidi ya 600,000 walioandikishwa. Wengi wa wale wengine hawakwenda kabisa. Kitaifa pia, waliojitokeza mwaka 2013 walikuwa karibu asilimia 86, na mwaka 2022 wakashuka hadi karibu asilimia 65.

Wanaokaa nyumbani huwa wanatuambia sababu, nasi hatuwasikilizi. Wanasema mambo yalikwisha Aprili. Wana maana ya mchujo, yaani uteuzi wa wagombea ndani ya vyama.

Mahali fundo lilipo

Katika wadi nyingi za kaunti hii, mwenye cheti cha uteuzi cha chama chenye nguvu ameshavuka mto. Uchaguzi wa Agosti unakuja kuthibitisha tu. Kwa hiyo swali la uongozi mpya ni swali la nani anatoa cheti, na anakitoa kwa kufuata nini. Mwaka 2022 michujo ilipangwa kati ya tarehe 16 na 22 Aprili. Vyama vikubwa, vya pande zote mbili, viligawa tiketi nyingi za moja kwa moja. Kwingine yalisemwa makubaliano, kwingine kura ya maoni ambayo hakuna aliyeiona. Watu walioanza kampeni mwaka mzima nyuma, wakauza shamba au ng'ombe, waliarifiwa kwa simu.

Kila ninapowauliza wakuu wa vyama kwa nini hawafanyi mchujo wa wanachama wote, jibu ni lile lile: daftari letu si safi, tukifungua vituo watakuja wapinzani kutuchagulia mtu dhaifu. Ukweli ni kwamba wanasema kweli. Sheria iliyorekebishwa inataka mchujo wa wanachama utumie daftari lililoidhinishwa na Msajili. Daftari likiwa bovu, chama kinabaki na wajumbe au tiketi ya moja kwa moja, na mamlaka yote yanarudi makao makuu. Daftari bovu linamfaa aliye makao makuu. Ndiyo sababu miaka inapita na halitengenezwi.

Nimeyaona madaftari hayo. Katika ofisi moja upande wa Mwala nilifunguliwa kaunta buku lenye jalada jekundu. Kurasa nzima zilikuwa na mwandiko mmoja na kalamu moja. Kwenye safu ya sahihi kila mstari ulikuwa na mkwaju uleule, umeinama upande uleule. Nambari za vitambulisho zilikuwa na tarakimu nane, nyingine saba, nyingine tano. Afisa wa wadi, kijana mwenye bidii, aliniambia: "Mwalimu, haya majina yaliletwa kutoka juu. Sisi tuliambiwa tuyatunze." Nilimwomba anionyeshe jina la mama mmoja muuza mboga aliyekaa mlangoni pa ofisi hiyo, ambaye alikuwa na kadi ya chama hicho kwenye kibeti chake, imekunjwa mpaka maandishi yamefifia. Halikuwamo.

Chanzo cha ugonjwa huu kiko ndani ya sheria yenyewe. Chama kinachotaka usajili kamili kinahitaji wanachama wasiopungua 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Kwa chama kisicho na mizizi hiyo ni kazi ya kuzunguka nchi nzima, na asiyetaka kuzunguka hutafuta orodha ya majina popote ilipo. Juni 2021 Wakenya walipoanza kukagua uanachama wao kupitia eCitizen, wengi waligundua wameandikwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia, na malalamiko yakafika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sharti lilikusudiwa kuzuia vyama vya kikabila. Limekuwa pia soko la nambari za vitambulisho.

Linganisheni na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana, vya kaunti hii, vile vilivyochimba matuta kwenye milima yetu. Kikundi cha akina mama thelathini kina daftari. Kila mkutano jina linaitwa, mchango unaandikwa, asiyekuja anajulikana na sababu yake inajulikana. Hakuna mwaitu, yaani mama, atakayekubali mtu wa kijiji kingine apige kura ya kuchagua mweka hazina wao. Ujuzi wa kutunza daftari tunao. Vyama ndivyo vimekataa kuutumia.

Hasara ya daftari bovu haimwangukii kiongozi. Humwangukia kwanza mwanachama wa kweli, anayefika kituoni siku ya mchujo na kuambiwa hayumo. Kisha humwangukia kijana asiyetaka chama chochote. Juni 2024 vijana walitoka barabarani nchini kote kupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni tarehe 25, na kesho yake Rais akatangaza hatauidhinisha. Waliouawa hatujamaliza kuwalilia. Vijana wale walisema hawana chama, hawana kabila, hawana kinara. Baadhi yao hapa Machakos, Mlolongo na Athi River sasa wananijia wakisema watagombea uwakilishi wadi kama wagombea huru mwaka 2027. Ninawaheshimu, na ninawahofia. Kama jina la kijana limo kwenye daftari la chama asichokijua, na hakujitoa kwa maandishi kabla ya miezi mitatu ya Ibara ya 85, mpinzani wake atamwekea pingamizi, naye atatumia akiba yake kwa mawakili badala ya kampeni.

Nawaonya pia wale wanaoona ugombea huru kuwa dawa yote. Wabunge wengi waliochaguliwa mwaka 2022 bila chama walitangaza kuunga mkono Kenya Kwanza ndani ya siku chache tu. Mtu mmoja asiye na chama hana kamati, hana wenzake, na huhama kirahisi. Na wanaofikiria kuanzisha chama kipya waitazame safari ya chama cha Ngei, kisha waitazame safari ya Chap Chap. Chama kipya chenye mwenyewe mmoja na daftari bovu hakina tofauti na kile tulichokikimbia.

Mapendekezo

Kwanza, vyama. Kila chama chenye ofisi Machakos kifute daftari lake la wadi na kuliandika upya kwa mwanachama kufika mwenyewe, na kitambulisho chake mkononi, kabla ya mwisho wa mwaka huu. Majina yaliyoletwa kutoka juu yaondolewe. Daftari libandikwe ukutani ofisini au kwenye baraza la chifu kwa muda wa kutosha watu walisome, kama daftari la wapiga kura linavyokaguliwa. Mkutano wa wadi uchague maafisa wake mbele ya wanachama hao, kwa sababu afisa aliyeteuliwa na makao makuu hulinda daftari la makao makuu. Chama kinachoona lazima kitoe tiketi ya moja kwa moja kieleze kwa maandishi, kwa kila wadi, sababu na kipimo kilichotumika, na kumrudishia ada ya uteuzi kila aliyeachwa. Ninajua hili la mwisho halitapendwa.

Wanachama wasisubiri vyama. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Vyama vya Siasa kinataka daftari la wanachama liwekwe makao makuu na katika kila ofisi ya kaunti, na mwanachama ana haki ya kulikagua na kupata nakala. Nendeni mkalikague. Nendeni kwa vikundi, si mmoja mmoja, na mpewe jibu kwa maandishi. Mkikataliwa, barua ya kukataliwa ndiyo itakayowafungulia mlango wa Jopo baadaye.

Kwa ofisi ya Msajili naomba, kwa heshima zote, mambo haya: uidhinishaji wa daftari uhusishe sampuli ya kupigia simu au kutembelea wanachama katika kila kaunti, chama kilichoingiza watu bila ridhaa kichukuliwe hatua, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, na taarifa ya mtu kujitoa chamani iandikwe kwenye mfumo siku hiyo hiyo, isitegemee chama kitume barua. Hili nimeliandika katika ripoti zaidi ya moja, na nitaendelea kuliandika. Bunge nalo litazame upya sharti la wanachama 1,000 kwa kaunti 24, si ili kuvirudisha vyama vya kikabila, bali ili idadi ipimwe kwa wanachama waliothibitishwa na si kwa orodha.

Fedha za Mfuko wa Vyama vya Siasa, ambazo sheria inataka zisipungue asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, zitengewe sehemu ya kutunza madaftari ya wadi. Chama kinachopokea fedha za umma na hakiwezi kuonyesha wanachama wake hai kizuiliwe mgao hadi kionyeshe. Narudia kwamba bila daftari hakuna mchujo, na bila mchujo hatuna jibu la kumpa mtu aliyekaa nyumbani.

Watoaji wa elimu ya uraia, nanyi mpunguze mafunzo ya Agosti na mwongeze ya Aprili. Tumezoea kufundisha jinsi ya kutia alama kwenye karatasi sita. Tufundishe jinsi ya kukagua uanachama kwa simu, jinsi ya kuandika barua ya kujitoa na kuhifadhi nakala iliyogongwa muhuri, na jinsi ya kupinga uteuzi ndani ya muda. Twende Tala, Masii, Matuu na Kithimani siku za soko, si hotelini pekee. Wafundishwe kwanza wale vijana wa Juni 2024, maana wao ndio watakaojikuta wameandikwa mahali wasipopajua.

Na kwa kila anayekusudia kugombea bila chama: uchaguzi mkuu ni Jumanne, 10 Agosti 2027, kwa hiyo asifike mwanzoni mwa Mei 2027 akiwa bado kwenye daftari la mtu. Akague sasa, akague tena Januari, akague tena Aprili. Fomu za kukagua daftari na mfano wa barua ya kujitoa ziko mezani kwa karani wa warsha, na nimeomba kila wadi ichukue nakala za kutosha.