Msumeno wa mwenzetu
Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa memba, Lac Vert



Tuliporudi kisha vita ya mwezi wa kwanza 2025, wengi tulikuta nyumba haina mlango wala nyundo. Na hapa kwetu kuchimba msingi si mchezo: chini ni mawe ya volkano, jembe linavunjika. Inaomba mtalimbo na sururu. Vipya hatuviwezi. Ndiyo maana kila Jumamosi tunapita kwa watu wanaohama, wanaouza vitu vya nyumba, mpaka Birere.

Mpini ukioza si neno, tunachonga mwingine. Chuma kikiwa na ufa, tunaacha. Msumeno tunaukunja kidogo. Ukibaki umepinda, tunaurudisha.

Lakini kuko jambo lilituumiza. Tulinunua msumeno kwa bei ya chini kabisa, tukafurahi. Tulipoufikisha kwa memba wetu, fundi wa mbao, akageuza mpini akatuonyesha herufi alizochonga yeye mwenyewe mbele ya kukimbia. Hatukujua la kusema. Tulimuachia bila kumuomba kitu. Pesa ilitoka kwenye kasha yetu, wafadhili wajue.

Sasa hatununui kama muuzaji hajulikani na shefu wa avenyu. Tutapata vyombo kidogo kuliko mbele, mtuvumilie. Na kila memba aliyeibiwa aandikishe alama za vyombo vyake kwa sekretari, mbele ya Jumamosi ijayo.