Kodi Iliondolewa, Bei Ikabaki Palepale

(Maneno ya Ndugu Msimamizi wa Duka la Ushirika mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyanakili hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Mkutano uliopita dada mmoja alisimama akaniuliza: hivi Serikali ikipunguza kodi ya bidhaa, sisi hapa dukani nafuu hiyo tunaiona wapi? Siku ile nilibabaika. Leo nimekuja na jibu, ingawa mimi mwenyewe halinipendezi.

Nachukua mfano wa pedi, yaani taulo za kike. Naona wazee wawili pale nyuma wameshatazama chini. Msitazame chini, wazee wangu, ni mabinti zenu hao. Binti akikosa pedi anakaa nyumbani siku tatu, nne, masomo yanampita, na daftari mlilomnunulia kwa fedha ya mahindi linalala bure.

Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alipendekeza katika bajeti kwamba pedi zisitozwe Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile tunayoiita VAT. Kodi hiyo ilikuwa asilimia 18. Ikaondolewa kuanzia Julai. Haya, tupige hesabu ya mfano. Pakiti ambayo bila kodi ni shilingi 2,000, kodi yake ni 360, mama analipa 2,360. Kodi ikitoka, na nafuu yote ikamfikia, mama anabaki na shilingi 360 zake.

Je, alibaki nazo? Juni 2019 Waziri yuleyule alirudi bungeni akasema msamaha haukuwafikia waliokusudiwa, maana wafanyabiashara hawakushusha bei. Kodi ikarudishwa. Badala yake wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi wakapunguziwa kodi ya mapato, kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili. Mwenye kiwanda akapewa chake. Binti wa kijijini akarudi pale alipokuwa, kama aliwahi kutoka.

Najua mtasema: walanguzi hao! Ni kweli kwa sehemu. Lakini lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mwenye kiwanda anaponunua pamba, nailoni, makaratasi ya kufungia, hulipa VAT huko. Bidhaa yake ikiwa inatozwa kodi, anaruhusiwa kuikata ile aliyolipa. Ikiwa imesamehewa, basi, haruhusiwi tena, inakuwa gharama yake. Kwa hiyo hata kwa mtu mwaminifu kabisa, zile 360 zisingeshuka zote. Zingeshuka zote kama bidhaa ingewekwa kwenye kodi ya kiwango cha sifuri, maana hapo anarudishiwa.

Lakini kiasi fulani kilipaswa kushuka, na hapa najisema mwenyewe. Mwaka ule duka nilikuwa nalo mimi. Nilikwenda mjini kwa muuzaji wa jumla, akanipa bei ileile. Nikamwuliza habari za kodi. Akasema huu ni mzigo wa zamani, nilishaulipia. Sawa, kwa mara ya kwanza huenda ilikuwa kweli. Safari ya pili, mzigo wa zamani. Safari ya tatu sikuuliza. Nikabandika bei ileile, na hapa kijijini hakuna aliyeniuliza hata mmoja.

Angeniulizaje? Duka letu ni dogo, halijasajiliwa kwa VAT, stakabadhi zetu hazionyeshi kodi. Imo ndani ya bei kama chumvi ndani ya mchuzi. Ikiondolewa mwananchi hajui, ikirudishwa anaambiwa bei imepanda.

Wala msidhani ni sisi tu. Uingereza waliondoa VAT ya asilimia 5 kwenye vifaa vya hedhi tarehe 1 Januari 2021. Mwaka uliofuata wachunguzi wa kule walitazama bei za tamponi, ambazo ni aina ya pedi ya kuvaliwa ndani, wakakadiria kwamba angalau asilimia 80 ya nafuu ilibaki kwa wauzaji. Na wale wana maduka makubwa yanayoshindana mtaa mmoja! Sisi muuzaji wa jumla tunamtegemea mmoja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ankara za mzigo zibandikwe hapa ukutani kando ya gazeti letu: tumenunua kwa bei gani, usafiri kiasi gani, faida ya duka kiasi gani. Tuanze na pedi, sabuni na sukari. Tena tuzungumze na ushirika wa vijiji jirani tununue pamoja, tuweze kuuliza bei kwa wauzaji wawili watatu badala ya kumbembeleza mmoja. Najua wapo wajumbe wa kamati wasiopenda faida ya duka ionekane. Waseme hapa hapa, tusikie.

Ankara za mwezi huu ninazo mfukoni. Mwenye kutaka kuziona kabla hatujapiga kura, aje mbele.