ATI MPIRA HAUNA SIASA?

Hotuba iliyosomwa mbele ya washabiki wa kandanda mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo linalowagombanisha watu katika vibanda umiza vya mji huu, na tunasikia kwamba ugomvi huo umefika mpaka Dutwa na Nyakabindi. Jambo lenyewe ni hili. Wachezaji wa Uingereza wanapopiga goti kabla ya mpira kuanza ili kupinga ubaguzi wa rangi, je, hilo ni jambo la haki, ama ni kuuharibu mchezo? Wapo wasemao kwamba wametoa fedha yao waone mabao, hawakuitoa waone mkutano wa hadhara. Wapo wasemao kwamba mtu mweusi akitukanwa London ametukanwa mweusi wa Bariadi pia. Na wapo wengine, nao si wachache, wasemao kwamba goti lile limekuwa desturi tu, kama kupiga miayo. Sisi hatukuja hapa kumcheka yeyote. Tumekuja kulichambua jambo hili kama mkulima anavyochambua pamba yake kabla hajaipeleka mizani, safi mbali na fifi mbali.

Kwanza tukumbushane lilivyoanza. Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis huko Marekani, polisi mmoja Mzungu alimkandamiza mtu mweusi, George Floyd, shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika 9, mpaka akafa. Dunia iliona kwa macho yake. Tarehe 17 Juni mwaka huo huo ligi kuu ya England ikarudi baada ya kusimama kwa ajili ya maradhi ya korona, na mchezo wa kwanza ulikuwa wa Aston Villa na Sheffield United. Kipyenga kilipolia wachezaji wote wakapiga goti, na mwamuzi naye akapiga goti. Ndugu zangu, Aston Villa haikuwa timu ya mbali na sisi. Tangu Januari ya mwaka ule tulikuwa tumekwisha kuifanya yetu, maana alikuwamo kijana wetu Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika ligi ile. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba mambo yale ni ya Wazungu na hayatuhusu.

Mwezi Desemba mwaka ule washabiki waliporuhusiwa kurudi viwanjani, wa Millwall waliwazomea wachezaji waliopiga goti, wakiwamo wa timu yao wenyewe. Mwaka 2021 timu ya taifa ya England nayo ikazomewa nyumbani kwake. Waziri mmoja mkubwa wa Serikali yao akasema kwamba yeye hapendi siasa za ishara. Haukupita muda, tarehe 11 Julai 2021, England ikafungwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Ulaya, na vijana watatu waliokosa penalti zile, Rashford, Sancho na Saka, wote weusi, wakamwagiwa matusi ya nyani usiku ule ule. Sasa twauliza. Walioambiwa kwamba siasa zao hazitakiwi uwanjani, je, matusi yale hayakuwa siasa? Ama siasa ni pale mtu mweusi anapolalamika, lakini anapotukanwa ni mchezo?

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Neno hili, kwamba mpira usichanganywe na siasa, ni la zamani sana, na Waafrika wamekwisha kuambiwa mara nyingi. Shirikisho la Mpira la Afrika lilipozaliwa Khartoum mwaka 1957, nchi zilikuwa nne: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika ya Kusini. Makaburu wakasema kwamba wataleta timu ya weupe watupu, au ya weusi watupu, lakini mchanganyiko hapana. Wenzao wakawakatalia. Mwaka 1961 FIFA nayo ikaisimamisha Afrika ya Kusini. Lakini mwaka 1963 mkuu wa FIFA, Mwingereza Stanley Rous, akawafungulia mlango, naye ndiye aliyekuwa akihubiri kwamba siasa zikae mbali na mpira. Wakaja na ahadi ya ajabu, kwamba katika Kombe la Dunia la 1966 watapeleka weupe, na la 1970 watapeleka weusi! Ndugu zangu, mtu anayepanga timu kwa zamu za rangi kama zamu za kuchota maji kisimani, huyo ndiye asiyeleta siasa? Mwaka 1964 wakasimamishwa tena, na mwaka 1976 wakafukuzwa kabisa. Naye Rous, mwaka 1974, aliupoteza ukubwa wake kwa Mbrazili João Havelange, na kura za Afrika zilikuwa na sehemu kubwa katika kuanguka kwake.

Basi ubaguzi ulitangulia uwanjani, goti likafuata. Aliyeweka jiwe njiani ndiye wa kuulizwa, si yule aliyejikwaa akapiga kelele.

Kuna ndugu mmoja alituuliza, tena kwa hasira, faida ya hayo yote ni nini. Swali hilo ni zuri, nasi tutalijibu kwa habari ya nyumbani. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch huko New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Hakukimbia kwa hila wala kwa kuvizia. Alitoka mbele tangu mwanzo, akabaki mbele mpaka mwisho. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, naye pia aliishinda rekodi ya zamani. Tangu siku ile dunia nzima ikawa inangoja wawili hao wakutane tena Montreal, kwenye Olimpiki ya 1976.

Hawakukutana. Mwezi Juni mwaka 1976 watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi na askari wa Makaburu, na wakati ule ule timu ya raga ya New Zealand ikapanda ndege kwenda kucheza na Makaburu hao hao. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Wakuu wa Olimpiki wakakataa, wakisema kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikawa mstari wa mbele katika kususa, na nchi zaidi ya 20 zikajitoa. Walker akachukua nishani ya dhahabu. Bayi alikuwa na miaka 23, umri wa mkimbiaji kuwa moto.

Sasa asidanganywe mtu kwamba hasara ile ilikuwa ndogo. Tangu tupate uhuru mpaka Olimpiki ya Paris ya 2024, nchi yetu imepata nishani mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote Moscow mwaka 1980: ya Bayi katika kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5000. Ya dhahabu hatuna. Mtu akisema kwamba dhahabu yetu tuliiacha Montreal, hatuwezi kumwita mwongo. Lakini mwaka uliofuata, 1977, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walipatana kuzuia michezo na Makaburu, na New Zealand ikiwamo. Kaburu alipenda raga kuliko chakula. Kumnyima michezo kulimuuma mahali ambapo hotuba za Umoja wa Mataifa zilikuwa hazifiki. Hiyo ndiyo faida, na bei yake ililipwa na vijana wetu, si na wanasiasa peke yao. Anayewasifu waliosusa na awataje pia waliokosa.

Na hapa tuseme neno la pembeni, maana kuna wanaodhani kwamba tukikubali siasa uwanjani basi tumekubali siasa ya kila mtu. Hapana. Mwezi Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali, bondia aliyependwa Afrika nzima, aje Dar es Salaam kutuomba tuisuse Moscow kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Watu walimpenda Ali, lakini Mwalimu hakumpokea. Waandishi wakamuuliza Ali: mwaka 1976 Waafrika waliposusa kwa ajili ya Makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Ali, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alisema kwamba habari ile hakuwa ameelezwa kabla ya kuja. Tanzania ikaenda Moscow. Nchi yenye akili yake hupima yenyewe, jambo kwa jambo.

Tena sisi watu wa Simiyu, wa Usukumani, tungekuwa wa mwisho kusema kwamba mchezo na siasa ni nyumba mbili. Hebu tuwaulize wazee: Bagalu na Bagika walipokuwa wakishindana ngoma baada ya mavuno, ningi aliimba nini? Alimchamba mshindani wake, naam, lakini alimsema pia mtemi aliyedhulumu na mtoza kodi aliyezidisha. Hakuna aliyesimama akasema, ewe ningi, tuchezee nyoka tu, mambo ya mtemi tuachie wenyewe. Na mwaka 1954, TANU ilipozaliwa, mkoloni alikataa kuyaandikisha matawi yake katika Jimbo la Ziwa, na katazo hilo likadumu mpaka 1958. Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Maswa. Watu hawakunyamaza. Walikutana kwenye vyama vyao vya ushirika wa pamba, wakazungumza bei ya pamba, na katika bei ya pamba wakazungumza uhuru. Mtu akifungiwa mlango wa mbele hutafuta wa uani, na mchezaji aliyepiga goti ametumia mlango alionao.

Kwa wale wasemao kwamba goti limekuwa desturi tupu, twawaambia kwamba hawako peke yao. Wilfried Zaha, mweusi mwenyewe, aliyetukanwa si mara moja, mwaka 2021 aliacha kupiga goti, akasimama wima, kwa kuwa aliona jambo lile limekuwa sehemu ya maandalizi ya mchezo na matusi yako pale pale. Sisi twaona ana haki. Lakini angalieni tofauti: Zaha alisimama kwa sababu alitaka zaidi ya goti. Wale wa Millwall walizomea kwa sababu hata goti liliwazidi. Wote wawili hawakupiga goti, na kama unawaweka kapu moja, basi unachanganya mchele na chuya.

Sasa tuje kwetu, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana mkuki kwa nguruwe ni mtamu.

Tunakaa katika kibanda umiza, tunamwonea huruma Saka, twasema Wazungu wabaya. Kisha Jumapili tunakwenda uwanjani kwetu, kijana mwenye ualbino anapita pembeni ya chaki, na sauti inatoka kwenye kundi: "Dili hilo!" Watu wanacheka. Ndugu zangu, dili maana yake mali ya kuuzwa. Katika Kanda hii ya Ziwa, tangu mwaka 2006 hivi, watu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo, wakauawa, kwa sababu mtu alimwamini mganga aliyesema kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi Januari 2015 Serikali ilibidi iwapige marufuku wapiga ramli. Huko Dar es Salaam, mwaka 2008, watu wenye ualbino waliunda timu yao ya mpira, Albino United, ili waonekane hadharani kuwa ni watu, wenye miguu ya kupiga mpira na majina ya kuitwa. Kama hiyo si siasa katika mchezo, basi hatujui siasa ni nini. Na nani atathubutu kuwaambia wale vijana kwamba wacheze tu, wasilete mambo mengine?

Mwalimu aliliona hili mapema. Mwezi Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni, wapo wabunge waliotaka uraia utolewe kwa rangi, mweusi peke yake. Alisimama Bungeni akasema kwamba Serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali hayo. Hakuwa akiwatetea weusi siku ile. Alikuwa akiwatetea Wahindi, Waarabu na Wazungu waliozaliwa hapa, mbele ya weusi wenzake. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kumlaani Kaburu.

Kwa hiyo tuna ombi moja kwa viongozi wa vilabu waliopo hapa, nalo si ombi la fedha. FIFA ina utaratibu wa hatua tatu: mwamuzi husimamisha mchezo, matusi yakiendelea huwatoa wachezaji uwanjani, yakizidi huvunja mchezo. Mwaka 2024, mkutano wake uliofanyika Bangkok ulikubali pia ishara, mchezaji kupishanisha mikono kwenye viwiko vya mkono kumwonyesha mwamuzi kwamba anabaguliwa. Tarehe 15 Agosti 2025, huko Anfield, Antoine Semenyo, mtoto wa Ghana anayevaa jezi ya taifa hilo, alimwambia mwamuzi kwamba kuna mtu anamtukana rangi yake. Mwamuzi alisimamisha mchezo. Semenyo akarudi akafunga mabao mawili.

Utaratibu huo hauhitaji taa wala kamera. Unahitaji kipyenga, na mwamuzi asiyeogopa kundi. Tunaomba vilabu vya hapa, kabla ligi ya wilaya haijaanza, vipatane kwamba neno "dili" na jina lolote la namna hiyo likisikika, kwa mchezaji au kwa mtazamaji, mpira unasimama pale pale na aliyelisema anatolewa, awe wa Simba, awe wa Yanga, awe shemeji wa mwenyekiti.

Tunaona mikono imeinuliwa kule nyuma, na jua bado lipo. Mwenye neno la kupinga na aanze yeye.