Pango Si Nukta: Kuingiza Vilivyo Chini ya Ardhi katika Data za Ramani
Mada ya warsha ya wachora ramani, Huruma, Eldoret

Ukitafuta pango katika ramani huria ya OpenStreetMap, kwa kawaida utapata nukta moja yenye lebo ya mlango wa pango. Lebo hiyo ni ya kweli, kwani mlango upo. Tatizo huanza msomaji anapodhani kuwa nukta ndiyo pango. Pango la Leviathan katika vilima vya Chyulu, lililoachwa na lava iliyoganda juu huku ya ndani ikizidi kutiririka, lina njia za takriban kilomita 11. Mlimani Suswa, paa za mapango ya aina hiyo zimeporomoka hapa na pale, hivi kwamba pango moja lina milango kadhaa, na anayehesabu nukta atapata mapango mengi palipo na moja. Hoja yangu ni kwamba mlango na njia ya ndani ni vitu viwili, viandikwe kando kando, na kila mstari wa chini ya ardhi ubebe maelezo ya jinsi ulivyopatikana.

Pingamizi la kwanza huwa ni la kifaa: GPS haifanyi kazi pangoni, basi tutachora nini? Ni kweli mawimbi ya setilaiti hayapenyi mwamba, lakini mapango yalipimwa kabla setilaiti hazijarushwa. Mpimaji huanzia mlangoni, mahali GPS inapokubali, kisha huenda kituo hadi kituo akiandika umbali, upande wa dira na mwinamo. Siku hizi kifaa cha leza husoma yote matatu kwa mpigo, na programu kama Survex na Therion hugeuza namba hizo kuwa mchoro. Makosa hujilimbikiza kadiri anavyozidi kuingia ndani, na ndiyo maana wapimaji wa Uingereza wana madaraja ya upimaji: la 1 ni mchoro wa kukisia tu, ilhali la 5 linadai pembe isikosewe zaidi ya digrii moja. Daraja hilo liandikwe kwenye data. Bila hilo, mstari uliokisiwa na uliopimwa hufanana kabisa kwenye skrini. Tarehe nayo isiachwe. Pango la Kitum, kule Mlima Elgon, limeingia mlimani kama mita 200, na tembo huingia usiku kuchimba kuta kwa pembe zao ili wale mwamba wenye chumvi. Pango linalochimbwa na tembo haliwezi kubaki vile lilivyopimwa miaka 40 iliyopita.

Kuna lebo moja inayopotosha wengi, nayo ni ya tabaka. Namba zake, kwa kawaida kutoka -5 hadi 5, huonyesha kipi kipite juu ya kipi mistari inapokatana. Hazipimi kina. Anayeandika -3 akidhani ametaja mita tatu amepoteza wino. Kina kina lebo yake, kwa mita.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ramani huria husimama juu ya kitu ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukihakiki, na wachache ndio watakaoingia pangoni. Nakubali nusu. Uhakiki ni mgumu, lakini vipimo ghafi vikiwekwa wazi, yeyote mwenye tochi na dira anaweza kuvirudia. Wengine wataniuliza kuhusu usalama. Mwaka 1980, na tena 1987, wageni waliokuwa wamezuru Kitum walifariki kwa homa ya Marburg, na baadaye virusi hivyo vilipatikana katika popo wala matunda wa pango hilo. Kuficha pango ambalo tayari lina jina duniani hakumkingi mtu. Onyo lililobandikwa mlangoni, ndani ya data, laweza kumkinga. Ila kwa mapango ya ibada, na yenye mabaki kama Panga ya Saidi kule Kilifi, ambako mwaka 2021 kulitangazwa kaburi la mtoto la miaka 78,000, njia za ndani zisichorwe bila idhini ya wenyeji na wasimamizi.

Huruma haijulikani kwa mapango, lakini ina mabomba ya maji na ya maji taka, na Eldoret ni kituo cha bomba la mafuta lililofikishwa huku mwaka 1994. Kanuni haibadiliki: kizibo cha shimo la maji taka kinaonekana, kiandikwe; mstari kati ya vizibo viwili ni dhana mpaka mtu aulete ushahidi. Mtaani Sinai, Nairobi, Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba hadi kwenye mtaro na moto ukaua zaidi ya watu 100. Mstari wa kukisia unaomwonyesha mchimba msingi kwamba bomba liko ng'ambo ya barabara ni hatari kuliko ramani isiyo na mstari.

Napendekeza tuanze na mapango manne ya Elgon: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Tuombe ruhusa ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), tusahihishe milango kwanza, na ndani tuache patupu hadi papimwe.